Walipitia Mguuni Kuufikia Moyo Wangu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu. Asifiwe na wazee mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nimemwambia nitajitahidi, lakini habari yangu inapanda treni na ndege, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Wengi wenu hapa Cheyo mnanifahamu kama Mama Neema, yule anayefundisha watoto wa shule ya Jumapili. Wachache mnajua kwamba ndani ya kifua hiki, karibu kabisa na moyo, kuna kizibo kidogo kilichowekwa na mikono ya watu, na hakuna kisu kilichopasua kifua changu kukiweka. Leo nataka niwaambie kilivyofika humo. Nitasema na mambo ya aibu ya nyumbani kwetu, kwa sababu ushuhuda uliochujwa haumsaidii mtu.

Nilizaliwa magharibi ya mji huu wa Tabora, kwenye ile njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alitembea na mzigo begani mpaka pwani na kurudi, si mara moja, na katika ukoo wetu sifa ya mtu ilikuwa kubeba. Shangazi zangu walibeba mitungi ambayo wanaume wa siku hizi wangeitafutia baiskeli. Mimi nilikuwa nabeba kibuyu, na kati ya kisima na nyumba nilikaa chini mara tatu.

Nilikuwa hivyo tangu kuzaliwa. Mama alinisimulia kwamba nilipokuwa nanyonya nilitoka jasho kichwani, nikanyonya kidogo, nikaacha, nikahema, nikaanza tena. Kila masika nilikohoa mpaka mvua ziishe. Ukiweka kiganja juu ya titi langu la kushoto ulihisi mtetemo usiokoma. Baba yangu, Mzee Maganga, alikuwa mrina asali. Siku moja aliinama akaniwekea sikio kifuani, vile alivyozoea kuliweka kwenye mzinga ili ajue kama nyuki wamo. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alichukua shoka lake akaenda porini. Mama alisema ndiyo mara ya kwanza kumwona mume wake akiogopa.

Sasa aibu yenyewe. Sisi tulikuwa Wakristo, Wamoraviani, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Lakini dada yake, Shangazi Mwashi, alisema mtoto huyu ameingiliwa na kitu, na baba akakubali. Nilichanjwa chale kifuani, safu tatu, nikapakwa dawa nyeusi. Jumapili mama alinivalisha gauni la shingo ndefu ili waumini wasione. Tulikwenda kwa mganga mmoja, tukaenda kwa wa pili, tukaenda kwa wa tatu. Simlaumu shangazi. Alinipenda, naye alitafuta kwa njia aliyoijua. Lakini sisi tulikuwa tunamwomba Mungu asubuhi na kumficha mambo mchana, na moyo wangu uliendelea kutetemeka vilevile.

Nilimaliza darasa la saba kwa kukaa kitako. Wenzangu walipokimbia mchakamchaka, mimi nilifuta ubao. Nilipenda kusoma, na baadaye tulipohamia kijiji cha Ujamaa nilipewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Kijiji chetu kilipangwa kwa mistari kando ya barabara ile ile ya zamani. Kulikuwa na shule, zahanati ya matofali ya kuchoma, na shamba la pamoja la mahindi na tumbaku. Watu wengi wanasema mabaya tu juu ya miaka ile. Mimi siwezi, kwa sababu bila zahanati ile nisingekuwa nimesimama hapa.

Lakini shamba la pamoja lilikuwa na sheria. Kila mtu mzima alipangiwa mistari yake ya kulima, na kufundisha kisomo hakukukutoa shambani. Katibu wa kijiji alikuwa kijana mrefu kutoka Mtendeni, hapa mjini, jina lake Ramadhani. Alikuwa Mwislamu mwenye msimamo, mchapa kazi, na hakupenda visingizio. Kila siku aliniona nalima hatua tano, nakaa, nalima hatua tatu, nakaa.

Asubuhi moja kwenye mkutano alisema, "Tumekuja hapa kujitegemea, hatukuja kufuga kupe. Binti Maganga, simama watu wakuone."

Nilisimama. Nilikuwa na miaka kama ishirini.

"Unaumwa nini?"

Sikuwa na jina la ugonjwa. Nikasema, "Nachoka."

Watu wakacheka. Baba alikuwepo, akatazama chini. Wale mliokuwa vijana enzi zile mnajua maana ya kuitwa kupe mbele ya kijiji kizima.

Kesho yake niliamka na nia moja, nimalize mistari yangu kama watu wengine. Sikumwambia mama. Nilianza mapema kabla jua halijawa kali. Mstari wa kwanza nikamaliza, wa pili nikamaliza, watu wakaanza kunitazama. Kwenye wa tatu nilisikia moyo unakimbia peke yake, kama hauko tena ndani yangu. Nikaendelea. Nakumbuka nilikuwa natazama ncha ya jembe na kusema, hatua moja tu. Kisha udongo ukanijia usoni.

Niliposhtuka nilikuwa nyuma ya baiskeli. Nilikuwa nimefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa mtu ili nisidondoke, na mtu huyo alikuwa katibu Ramadhani. Alikuwa analia. Alinyonga pedali kwenye mchanga wa barabara ile mpaka zahanati, na mama akikimbia nyuma yetu.

Zahanati ilikuwa na mganga mmoja wa serikali, Mzee Petro, mtu mzima, mpole. Alinilaza, akaniwekea chombo chake cha kusikilizia kifuani, kisha mgongoni, kisha chini ya mfupa wa bega la kushoto. Akafumba macho. Halafu akamwita katibu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Njoo usikilize."

Katibu akaingiza mipira masikioni.

"Unasikia nini?"

"Mashine," akasema. "Kama ya kusaga unga. Haipumziki."

"Moyo wa mtu hupiga na kunyamaza, hupiga na kunyamaza," Mzee Petro akasema. "Huu haunyamazi. Binti huyu hakuwa mvivu, bwana katibu. Wewe ukilima, unalima. Yeye akilima, anakuwa kama anapanda mlima na mzigo kichwani."

Ramadhani alitoa mipira ile masikioni taratibu. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, nimemwita mwanao kupe mbele ya watu. Nitamtafutia tiba mbele ya watu hao hao."

Ndugu zangu, maneno hayo angeweza kuyasema akayasahau. Hakuyasahau. Kwenye mkutano uliofuata alisimama, akaeleza alichokisikia kwa masikio yake, na akaomba radhi. Kisha akaketi kwenye mashine ya kuchapa ya ofisi ya kijiji na kuandika barua kwenda wilayani. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Haikujibiwa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ofisi tangu milango inafunguliwa mpaka inafungwa, siku mbili mfululizo, mpaka wakachoka kumwona. Siku ya tatu tukapata kibali cha mimi kupimwa hospitali ya mjini, na kutoka hapo, baada ya picha ya eksirei, kibali cha kwenda Dar es Salaam.

Mama naye hakukaa. Alikwenda kwa akina mama wa kanisa, akawaambia yote, na chale akawaonyesha. Walianza kuniombea kila Jumatano. Mimi mwenyewe niliomba, lakini nitasema kweli, sikusikia sauti wala sikuona nuru. Sala yangu ilikuwa fupi. Nilisema, "Bwana, nataka kuishi. Unionyeshe pa kwenda, nami nitakwenda." Nikaisema hiyo hiyo kila siku.

Tulisafiri na mama kwa treni. Huko Dar es Salaam daktari wa moyo alikuwa Mtanzania, bado kijana, amerudi karibuni kutoka masomoni Ujerumani ya Mashariki. Aliniingiza kwenye vipimo siku nyingi. Mwisho alituketisha, akachukua penseli, akachora mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo, na kati yake akachora njia fupi.

"Mtoto akiwa tumboni hapumui," akasema. "Damu haina haja ya kwenda kwenye mapafu, hivyo hupita kwenye njia hii ya mkato. Akizaliwa, njia hujifunga yenyewe baada ya siku chache. Yako haikujifunga. Kila moyo unapopiga, damu nyingi inavuja kurudi kwenye mapafu, na moyo unafanya kazi ya watu wawili."

Mama akauliza, "Kwa hiyo, daktari, ni tundu?"

"Ita tundu, mama. Si lile la ukuta wa moyo wenyewe, lakini ni nduguye."

"Nani alimfanyia?"

"Hakuna aliyemfanyia. Ni hivyo tu alivyozaliwa."

Mama aliinamisha kichwa akalia. Alikuwa amebeba kwa miaka ishirini shutuma za watu kwamba alikanyaga kitu akiwa mjamzito, kwamba alimkosea mtu. Daktari yule alimtua mzigo huo kwa maneno machache. Mimi nahesabu hapo kuwa ukombozi wetu wa kwanza.

Kisha akatueleza njia. Ya kwanza ilikuwa kupasua ubavuni na kuufunga mfereji ule kwa uzi. Lakini mimi nilikuwa mwembamba mno, mapafu yangu yalikuwa yamechoka kwa kukohoa miaka yote ile, na aliogopa nisingevumilia kisu. Njia ya pili ilikuwa mpya, na yeye aliiona kule alikosoma. Walikuwa hawapasui kifua. Walipitisha waya kwenye mshipa wa mguu, hapa kwenye kinena, wakaupandisha mpaka kwenye mfereji, na juu ya waya huo wakasukuma kizibo. Mgonjwa alikuwa macho.

"Hapa kwetu bado hatuna vifaa hivyo," akasema. "Lakini nitawaandikia walimu wangu."

Tulirudi nyumbani kusubiri. Jibu lilichelewa, ikapita masika nzima, nikaumwa tena. Lilipokuja lilisema wananipokea, na serikali ingenisafirisha. Ndipo vita ikahamia nyumbani.

Ukoo ulikaa. Shangazi Mwashi alisema Wazungu watautoa moyo wangu wauweke kwenye chupa. Mjomba akasema nisubiri niolewe kwanza. Baba alinyamaza mpaka wote wakamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, sitakupeleka kufa ugenini. Ukifia hapa nitajua kaburi lako."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, wewe ulinisikiliza kifua nikiwa mdogo. Ulijua tangu siku ile. Umekuwa ukinichimbia kaburi moyoni mwako kwa miaka yote hii, na mimi nimekuwa nikikuona. Naomba uache. Niruhusu niende. Nikifa, nimekufa nikitembea."

Baba alitoka nje. Nilidhani nimemkosea. Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, alisimama kanisani mbele ya watu wote. Alisema kwamba yeye, mzee wa kanisa, alimpeleka mtoto wake kwa waganga mara tatu huku akipitisha sahani ya sadaka. Alisema kwamba binti yake anakwenda mbali kutibiwa, na yeye hana tena mahali pengine pa kutegemea ila kwa Mungu. Alivuliwa uzee wa kanisa kwa mwaka mmoja, ndio ulikuwa utaratibu wetu, na alipokea. Tulipotoka nje alinishika mkono mpaka nyumbani. Baba yangu hakuwa mtu wa kushika mikono.

Niliondoka peke yangu. Mama hakupata kibali cha kusafiri. Sitaeleza ndege, kwa sababu nilifumba macho. Nilifika Ujerumani ya Mashariki, nchi yenye baridi ambayo sikuijua mfano wake, na watu wenye huruma ambao sikuelewa wanachosema. Siku mbili za kwanza nilikaa kitandani nikitazama ukuta. Siku ya tatu mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia bibi wa Kizungu, mzee, mwenye fimbo, akasema, "Mwangaluka, mwanangu."

Ndugu zangu, kusikia salamu ya Kinyamwezi kule! Alikuwa muuguzi wa zamani wa misheni, Dada Irmgard, aliyewazalisha mama zetu huku Unyamwezi kabla mimi sijazaliwa. Kanisa la huko lilikuwa limempa habari zangu. Alikuja kila siku kwa tramu. Aliniletea uji wa shayiri akauita wa ulezi, na tulikubaliana sote wawili kuongopa kwamba unafanana.

Kisha likaja pigo. Walinipima, na profesa aliyekuja kunieleza alikuwa na uso mzito. Dada Irmgard alinitafsiria. Mshipa wa mguu wangu ulikuwa mwembamba. Kizibo cha kutosha mfereji huenda kisingepita humo, na kizibo kidogo kingechomoka na kukimbilia mapafuni. Walikuwa wanafikiria kunirudisha nyumbani nikanenepe kwanza, nije mwaka mwingine.

Nilijua mwaka mwingine haupo. Masika mbili zilizopita nilikuwa napumua kwa kuketi tu.

Nikasema, "Dada, mwulize kama kizibo kinatengenezwa kiwandani au hapa."

Akamwuliza. "Hapa. Anakikata mwenyewe, kwa mkono, kwa kila mgonjwa, kwa kufuata picha."

"Basi mwambie akate cha kwangu."

Profesa alinitazama. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kitu kama sponji nyeupe, ngumu. Alinionyesha kwamba ukikikandamiza kinakuwa chembamba, na kikilowa kinatanuka tena. Alisema angekata chembamba kuliko vyote alivyowahi kukata, angejaribu mara moja, na kikigoma angekitoa aniache nipumzike. Nikasema sawa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilisali sala yangu ile ile. Chumba kilikuwa na baridi. Walinichoma ganzi pande zote mbili za kinena, na Dada Irmgard akaruhusiwa kukaa kichwani pangu, amevaa joho zito la risasi la kuzuia miale ya eksirei. Juu kulikuwa na kioo. Nilikuwa sijawahi kuona televisheni maishani mwangu. Ya kwanza kuiona ilionyesha moyo wangu mwenyewe, unapiga.

Nikaona waya. Ulipanda kama mchoro wa penseli kutoka chini, ukapinda, ukatafuta. Sikusikia maumivu. Nilisikia tu moyo ukiruka kidogo pale ulipoguswa. "Sasa umeingia kwenye mfereji," Dada akaninong'oneza. "Sasa umepita. Sasa wanaurudisha chini kwa mshipa wa mguu wa pili." Waya ukatokea upande wa kulia. Ulikuwa umeingia mguu mmoja, umepita moyoni mwangu, umetokea mguu mwingine, na mimi niko hai nautazama.

Ndipo wakaanza kusukuma kizibo. Kiligoma pale pale mlangoni, kwenye kinena. Ganzi haikufika huko ndani, na maumivu yake sitayasahau. Profesa akasimama. Akasema kitu.

"Anauliza kama aache," Dada akasema.

"Aendelee."

"Unasema kweli, au unatuonea haya kwa kuwa umetoka mbali?"

"Sioni haya, Dada. Aendelee."

Akasukuma tena, polepole, na nilisikia kitu kinapita kwa shida kubwa, halafu kinapita bila shida. Kwenye kioo niliona doa dogo likipanda kwenye waya, likipanda, likafika kwenye ile njia fupi ambayo daktari wetu aliichora kwa penseli Dar es Salaam. Likaingia. Likakaa. Profesa alingoja, kisha akachukua chombo chake cha kusikilizia akaniwekea kifuani. Alisikiliza muda mrefu. Akampa Dada Irmgard mipira ile. Yule bibi akasikiliza, akasema kwa Kiswahili chake cha Tabora:

"Kumenyamaza."

Kwa miaka ishirini hakukuwahi kunyamaza mle ndani. Nililia tu, na machozi yakaingia masikioni kwa kuwa nililala chali.

Niliwekewa mfuko wa mchanga kwenye kinena, nikaambiwa nisikunje miguu mpaka kesho yake. Siku chache baadaye nilitembea kwenye varanda ya hospitali. Mwishoni kulikuwa na ngazi. Hakuna aliyeniruhusu, lakini nilizipanda. Nilipanda ghorofa moja, nikasubiri kuchoka. Sikuchoka. Nikapanda ya pili. Nesi alinikuta juu kabisa nimesimama dirishani, nahema kidogo kama mtu mwingine yeyote, nacheka peke yangu. Kifuani sikuwa na kidonda, ila zile chale za zamani. Kinena kilikuwa na alama ndogo kila upande. Hiyo ndiyo njia yote waliyopita.

Nilirudi nikawakuta baba na mama stesheni ya hapa Tabora. Katibu Ramadhani sikumkuta, alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Nilimwandikia barua ndefu. Alijibu kwa mistari miwili: amefurahi, na nisiache kufundisha kisomo. Sikumwona tena, lakini kila ninapoomba namtaja kwa jina.

Nimezaa watoto watatu. Mkunga wa zahanati aliwahi kumwambia mama kwamba mimi nikishika mimba nitakufa nayo, na Neema, wa kwanza, ndiye huyo ameketi pale na wajukuu zangu. Nimelima, nimefundisha, nimemzika mume wangu, na nimezeeka. Kuzeeka, ndugu zangu, watu hukulalamikia. Mimi nakupokea kila asubuhi kama kitu nilichonyimwa nikapewa.

Kuna aliyeniambia kwamba huu si muujiza, ni kazi ya madaktari. Sibishani naye. Mimi najua kwamba nilimwomba Mungu anionyeshe pa kwenda, na akatumia Mwislamu mwenye baiskeli, mganga mzee wa zahanati, kijana aliyejua kuchora, bibi wa Kizungu mwenye fimbo, na profesa ambaye hata sijui kama alisali. Aliwatumia wote, na aliwatumia kwa zamu. Na alimfungua baba yangu kwenye woga kabla hajafungua mlango wangu. Mtu akitaka kuliita hilo jina lingine, aliite. Mimi naliita wokovu wangu.

Sasa nimalizie na ninyi wazazi. Wapo watoto wanaotoka jasho wakinyonya. Wapo wanaokohoa kila mwezi, hawanenepi, wakicheza wanachuchumaa wapumzike. Msiwaite wavivu, wala msiwafiche kwa gauni la shingo ndefu. Msitafute aliyewaroga. Siku hizi huna haja ya kwenda Ulaya. Hapa hapa nchini wapo madaktari wetu wanaoziba matundu ya moyo kwa kupitia mguuni, na mtoto anarudi nyumbani baada ya siku chache. Mwombeni Mungu kwa moyo wote, halafu inukeni mwende. Kuomba na kwenda havigombani.

Mama uliyeketi karibu na nguzo, mwenye mtoto wa shali ya njano, sitakutaja. Nimemtazama mtoto wako wakati wa nyimbo zote tatu, na nimeona anavyohema. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye lango la hospitali, upande wa kliniki ya watoto. Nitakuwa nimekuja kwa miguu. Njoo, tutaingia pamoja.